Jinsi ya Kudhibiti Kelele za Mashine Nzito katika Migodi ya Makaa ya Mawe ya Chini ya Ardhi

Mwaka 1996, NIOSH, taasisi ya taifa ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilichambua vipimo vya usikivu vya wachimbaji wa makaa ya mawe na kubaini kwamba walipofikia umri wa miaka 50 hivi, takriban asilimia 90 yao walikuwa na upungufu wa usikivu, ilhali kwa watu wa rika hilo wasiofanya kazi penye kelele kiwango kilikuwa karibu asilimia 10. Upungufu huo hauna tiba, kwa sababu seli za vinyweleo zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Mwongozo huu umekusudiwa kwa msimamizi wa mgodi, ofisa wa usalama na fundi mitambo, na msimamo wake ni kwamba kelele hushughulikiwa kwenye mashine kabla ya kushughulikiwa kwenye sikio, tena kwa kuanza na ile mashine inayomletea mfanyakazi sehemu kubwa zaidi ya dozi yake ya siku, yaani jumla ya kelele inayomfikia. Mgodi unaoanza kwa kugawa vizibo vya masikio umeanza mwisho wa safari.

Mazingira ya chini ya ardhi yana masharti yake. Uwanjani, kila umbali kutoka kwenye mashine unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya njia nyembamba ya mgodi haipungui kiasi hicho, kwa kuwa paa, sakafu na kuta huirudisha, na mtu aliyesimama mita kadhaa nyuma ya mashine hapati nafuu ambayo angeipata juu ya ardhi. Isitoshe, mgodi wa makaa una gesi ya methani, ambayo hulipuka ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, pamoja na vumbi la makaa ambalo nalo hulipuka. Kwa hiyo kila kifaa cha kupimia, kila raba na kila kifuniko kinachoingizwa humo lazima kiwe kimeidhinishwa kutumika katika hewa ya namna hiyo. Suluhisho zuri la kiwandani linaweza kuwa hatari kubwa mgodini.

Kupima kabla ya kutengeneza

Kipimo cha kwanza ni cha dozi ya mtu, na hufanywa kwa dozimita, yaani kifaa kidogo ambacho mfanyakazi hukivaa zamu nzima. Maikrofoni yake hufungwa juu ya bega, upande ulio karibu na mashine, mbali na kola au kamba ya taa ya kichwani inayoweza kuisugua. Kabla na baada ya zamu kifaa hukaguliwa kwa chombo cha kusawazishia, ambacho kwa kawaida hutoa sauti ya desibeli 94 au 114, na matokeo ya pande zote mbili huandikwa. Kipimo kisichokuwa na kumbukumbu hiyo hakifai kutegemewa, hata kama namba zake zinapendeza.

Dozimita peke yake haitoshi, kwa sababu hueleza ni kiasi gani cha kelele kimemfikia mtu bila kueleza kilitoka wapi. Hapo ndipo mpimaji anapotakiwa kukaa na mfanyakazi, saa mkononi na daftari, akiandika kila kazi ilianza lini na ikaisha lini: kukata, kupakia, kusubiri gari la kubebea makaa, kutoboa paa, kusogeza nyaya, kufanya ukarabati. Sambamba na hilo, mita ya sauti itumike kupima kila chanzo kikiwa kinafanya kazi peke yake kadiri inavyowezekana. Katika mashine ya kukata makaa mfululizo, kwa mfano, ni rahisi kuwasha konveya pekee, kisha feni ya kufyonza vumbi pekee, kisha vyote viwili, na hatimaye kupima mashine ikiwa inakata.

Ni vyema kukumbuka hapa kwamba desibeli hazijumlishwi kama kilo za mchele. Vyanzo viwili vya desibeli 90 kila kimoja hutoa 93 vikiwa pamoja, na chanzo cha 90 kikiongezewa cha 80 hutoa 90 na kitu kidogo tu. Maana yake kwa fundi ni kwamba akitumia mwezi mzima kunyamazisha chanzo cha 80 huku cha 90 kikiachwa vilevile, hakuna atakayeisikia kazi yake.

Hesabu ya dozi na inachofundisha

NIOSH inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, nusu saa kwa 97 na dakika 15 kwa 100. Kanuni za migodi za Marekani zilizoanza kutumika Septemba 2000 ni legevu zaidi, kwani kikomo chake ni desibeli 90 kwa saa 8 na muda hupungua kwa nusu kwa kila desibeli 5, ingawa wastani wa 85 kwa hesabu yao humlazimu mwajiri kuanzisha mpango wa kulinda usikivu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, uliweka hatua za kuanza kuchukuliwa kwenye 80 na 85, na kikomo cha 87 kinachozingatia kinga aliyovaa mfanyakazi. Kila mgodi hufuata sheria ya nchi yake, lakini kwa kupanga kazi ya kiufundi ni afadhali kutumia hesabu ya NIOSH, maana ndiyo inayolingana zaidi na jinsi nishati ya sauti inavyoongezeka.

Tuchukue mfano wa mwendeshaji ambaye katika zamu ya saa 8 hukaa saa 2 kwenye desibeli 97 mashine inapokata na kupakia, saa 3 kwenye 85 akisubiri karibu na feni, na saa 3 kwenye 80 akifanya kazi nyingine. Kwa hesabu ya NIOSH, zile saa 2 pekee ni asilimia 400 ya dozi inayokubalika, saa 3 za kwenye 85 ni asilimia 37.5, na zilizobaki ni karibu asilimia 12. Jumla ni asilimia 449 hivi, sawa na wastani wa desibeli 91.5 kwa saa 8. Sasa tuseme mgodi umeamua kununua kizima sauti cha feni na kupunguza ile 85 hadi 75, kazi ambayo si ndogo. Dozi inashuka hadi asilimia 416 tu, na wastani unakuwa 91.2. Lakini kama fundi angepunguza ile 97 kwa desibeli 3 pekee, dozi ingeshuka hadi asilimia 249 na wastani hadi 89. Desibeli 3 zilizochaguliwa vizuri zimezishinda 10 zilizochaguliwa vibaya.

Jambo jingine linalojitokeza katika mfano huohuo ni kwamba kwa kikomo cha kanuni za Marekani, mwendeshaji huyu ana dozi ya asilimia 66 tu, yaani yuko ndani ya sheria. Mgodi unaoridhika na jibu hilo hautaona sababu ya kugusa mashine yoyote.

Mashine ya kukata makaa mfululizo

Mashine hii ina vyanzo vitatu vikubwa vya kelele: ngoma ya kukatia, konveya ya mnyororo inayopitisha makaa katikati ya mashine hadi mkiani, na feni ya kufyonza vumbi. Watu wengi hudhani ngoma ndiyo mkosaji mkuu kwa kuwa ndiyo inayopasua mwamba mbele ya macho yao. Vipimo vya NIOSH vimeonyesha mara kwa mara kwamba konveya ndiyo inayotawala katika dozi ya mwendeshaji, na mtu akisimama karibu na mkia wa mashine wakati konveya inazunguka tupu ataelewa mara moja kwa nini: vyuma vya kukokotea makaa, vilivyofungwa kwenye mnyororo, vinagonga bamba la sakafu, vinagonga ukingo mkia unapopindwa, kisha vinagonga tena kwenye sproketi, yaani gurudumu la meno linalouvuta mnyororo, vinapogeuka kurudi chini. Kila pigo ni chuma kwa chuma, na bamba refu la konveya linatetemeka na kuitawanya sauti hiyo.

Hatua ya kwanza haihitaji kununua chochote. Fundi azime mashine, akate umeme na kufunga swichi kwa kufuli kulingana na utaratibu wa mgodi, kisha akague mkazo wa mnyororo. Mnyororo uliolegea huning'inia chini ya konveya, hupiga bamba na huruka kwenye sproketi. Uliokazwa kupita kiasi hula meno ya sproketi na kuchosha beringi, na baada ya muda huwa na kelele zaidi ya ule uliolegea. Vipimo vya mkazo vya mtengenezaji vifuatwe, kwa sababu jicho la fundi mzoefu hudanganyika kirahisi katika giza. Wakati huohuo akague vyuma vya kukokotea vilivyopinda, bamba la sakafu lililolika hadi kuwa na kingo zilizoinuka, na boliti za vifuniko. Kifuniko cha chuma chepesi kilicholegea boliti mbili hutetemeka na kutoa kelele nyingi kuliko ukubwa wake unavyoashiria.

Hatua ya pili ni ya vifaa. NIOSH, ikishirikiana na watengenezaji, ilijaribu vyuma vya kukokotea vilivyofunikwa kwa tabaka gumu la yurethani, ambayo ni aina ya plastiki, ili pigo la chuma kwa chuma liwe pigo la yurethani kwa chuma. Migodini, vyuma hivyo vilipunguza dozi ya mwendeshaji kwa kiasi cha takriban desibeli 3. Mnyororo wa sproketi mbili nao ulitoa nafuu ya kiwango kinachokaribiana na hicho. Tabaka la yurethani huchakaa na huweza kung'oka, kwa hiyo ukaguzi wake uingizwe kwenye ratiba ya matengenezo ya kawaida. Vyuma vikishaachwa wazi kelele hurudi polepole, bila mtu yeyote kutambua ni wiki gani ilirudi.

Hatua ya tatu iko mikononi mwa mwendeshaji. Konveya isiachwe ikizunguka tupu wakati gari la kubebea makaa halijafika. Makaa yaliyomo kwenye konveya hupunguza mapigo, ilhali konveya tupu hugonga bila kizuizi na haizalishi chochote. Zamu ikihesabiwa, dakika hizo za kusubiri huwa nyingi kuliko wasimamizi wanavyotarajia. Mwendeshaji anayetumia rimoti pia achague pa kusimama: mbali na mkia wa konveya na mbali na mdomo wa feni ya kufyonza vumbi, lakini kamwe asiingie katika eneo ambalo mashine inaweza kumbana ukutani wala asitangulie chini ya paa ambalo halijafungwa boliti. Endapo nafasi yenye kelele ndogo na nafasi salama dhidi ya kubanwa hazipatani, usalama dhidi ya kubanwa ndio unaoamua.

Kuhusu ngoma yenyewe, meno makali yenye kushika kwa kina hupasua makaa kwa vipande vikubwa, hutumia nguvu kidogo, hutoa vumbi kidogo na hupiga kelele kidogo. Meno butu husaga. Meno yaliyochakaa yabadilishwe mapema, hata kama bado yanakata kwa namna fulani.

Mashine ya kufunga boliti za paa

Hapa chanzo ni keekee inapotoboa paa ili boliti za kulishikilia ziingizwe. Ncha inapokutana na mwamba mgumu, mtetemo wake hupanda kwenye nondo ya kutobolea, na nondo nzima hugeuka kuwa kipaza sauti kilicho kwenye usawa wa kichwa cha mwendeshaji, kwa umbali usiozidi urefu wa mkono wake. Kwa kuwa mtu hawezi kusogea mbali, lazima mtetemo ukatwe njiani.

NIOSH ilitengeneza viunganishi vyenye raba ambavyo hukaa kati ya ncha na nondo, na vingine kati ya nondo na kishikio cha keekee. Raba hiyo huruhusu nguvu ya kusukuma na kuzungusha ipite lakini huzuia sehemu kubwa ya mtetemo, na nafuu inayopatikana masikioni mwa mwendeshaji ni desibeli kadhaa, ambazo kwa hesabu tuliyoiona hapo juu zinaweza kukata dozi yake kwa nusu au zaidi. Namna nyingine ni kuizungushia nondo kifuniko kinachokunjika kama akodioni, kinachofupika kadiri nondo inavyozama kwenye paa. Kifuniko hicho hufanya kazi vizuri, ila waendeshaji hulalamika kwamba hakiwaachi waone ncha inapoanza kugusa mwamba. Malalamiko hayo yapewe uzito, kwa sababu kifaa kinachomnyima mtu kuona hutolewa siku ya pili na kutupwa kando ya njia.

Kutoboa kwa maji au kwa ukungu wa maji, pale ambapo mwamba wa paa hauharibiwi na maji, hupunguza vumbi la silika na mara nyingi hupunguza kelele pia. Kasi ya mzunguko na nguvu ya kusukuma virekebishwe kulingana na mwamba: keekee inayozungushwa haraka huku haisukumwi vya kutosha huruka-ruka juu ya mwamba, hupiga kelele na kuua ncha. Mwendeshaji aliyezoea hulitambua hilo kwa mlio, jambo ambalo ni ushahidi mwingine wa kwa nini masikio yake yanahitajika.

Keekee za hewa iliyoshindiliwa, pale zinapotumika, huwa na kelele kali kuliko hizi zote. Sailensa ya ekzosi ni ya lazima, na ikaguliwe isizibe kwa barafu, kwa kuwa hewa inayopanuka ghafla hupoa sana. Sailensa iliyoziba huidhoofisha keekee, na keekee iliyodhoofika humfanya mwendeshaji aitoboe sailensa.

Feni

Feni za ziada za kupitisha hewa kwenye sehemu ya uchimbaji hufanya kazi muda wote, hivyo hata zikiwa na kelele ya wastani huchangia dozi ya kila mtu anayekaa karibu nazo. Mlio wa feni hutegemea sana kasi ya ncha za pangaboi: kupunguza kasi kwa asilimia 20 hushusha sauti kwa takriban desibeli 5. Hata hivyo, hewa nayo hupungua kwa asilimia hiyohiyo 20, na katika mgodi wenye methani hakuna mtu mwenye ruhusa ya kupunguza hewa kwa ajili ya kelele bila idhini ya ofisa wa uingizaji hewa. Njia iliyo halali ni kuanza na mabomba ya hewa. Maungio yanayovuja yakizibwa, mabomba yaliyobonyea yakinyooshwa na kona kali zikipunguzwa, hewa inayofika usoni mwa makaa, yaani pale yanapokatwa, huongezeka, na hapo ndipo inapowezekana kupunguza kasi ya feni bila kumpora mchimbaji hewa yake. Kona iliyowekwa mara tu kabla ya mdomo wa feni ina madhara maradufu, kwani hewa huingia ikiwa imevurugika na kuyapiga mapangaboi kwa vishindo.

Baada ya hapo ndipo kizima sauti hufungwa, kimoja kwenye mdomo wa kuingizia na kingine wa kutolea. Vumbi la makaa huziba matundu ya kizima sauti, kwa hiyo kiwe cha aina inayoweza kusafishwa.

Uchimbaji wa ukuta mrefu

Katika ukuta mrefu, ambako mashine hukata makaa ikienda na kurudi kando ya ukuta mmoja mrefu wa makaa, mtu anayeathirika zaidi mara nyingi ni yule anayekaa kwenye makutano ambapo konveya ya ukutani humwaga makaa kwenye konveya ya kupokelea yenye kisagio. Kisagio na kimo ambacho makaa huanguka kutoka konveya moja hadi nyingine ndivyo vya kushughulikia: vifuniko vyenye uzito vilivyofungwa imara, mapazia ya raba kwenye matundu, na kimo cha kuangukia kilichopunguzwa kadiri muundo unavyoruhusu. Pale panapowezekana, kibanda cha mtu huyo kisogezwe au kazi yake ihamishiwe kwenye vidhibiti vya mbali. Kwa waendesha mashine ya kukata ukutani, uendeshaji wa mbali ndio uliowaondoa karibu na ngoma kuliko kifaa kingine chochote cha kuzuia sauti.

Vifuniko, mapazia na hatari ya moto

Kifuniko hufaa kadiri kilivyo kizito na kadiri kilivyozibwa. Tundu lenye eneo la asilimia 1 tu ya kifuniko linatosha kukizuia kisipunguze zaidi ya desibeli 20, hata kama kingekuwa cha chuma cha unene wa kiganja. Tundu la asilimia 10 hukiacha na desibeli 10. Kwa hiyo gasketi na mapazia ya kupitishia nyaya vinastahili umakini kuliko unene wa bamba. Vipande vya mkanda wa konveya usioshika moto, vikining'inizwa kati ya mwendeshaji na chanzo, hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo, mradi visizuie njia ya hewa wala visifiche mashine inayokuja.

Sponji ya kunyonya sauti inahitaji onyo lake peke yake. Septemba 1986, katika mgodi wa dhahabu wa Kinross nchini Afrika Kusini, povu la poliyurethani lililopakwa kwenye kuta lilishika moto wakati wa kuchomelea, na watu 177 walikufa, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Ule ulikuwa mgodi wa dhahabu. Katika mgodi wa makaa, ambamo ukuta wenyewe ni nishati, hakuna kisingizio cha kuingiza nyenzo ya kunyonya sauti isiyokuwa na cheti cha kutoshika moto na kutokusanya umeme tuli. Nyenzo hiyo pia ifunikwe kwa utando unaozuia vumbi la makaa na mafuta ya haidroliki yasiingie ndani yake, kwa kuwa hata ile iliyothibitishwa hupoteza sifa zake ikishalowa mafuta.

Kupanga kazi

Kubadilishana zamu kwenye nafasi zenye kelele hupunguza dozi ya mtu mmoja lakini huigawa kwa wengine, na hilo linafaa tu pale ambapo dozi za wote zinabaki chini ya kikomo. Lenye manufaa zaidi ni kupanga kazi zisizohitaji mashine, kama kumwaga vumbi la chokaa, kusogeza nyaya au kukagua vifaa, zifanyike mbali na mashine zinazofanya kazi au wakati zimezimwa. Sehemu ya kulia chakula na kupumzikia iwekwe mbali na feni, nyuma ya kona angalau moja ya njia.

Vizibo na vifunika masikio

Vikija mwisho, vije kwa uangalifu. Namba ya desibeli za kinga iliyoandikwa kwenye pakiti ilipatikana maabara, kwa watu waliowekewa vizibo na wataalamu. NIOSH inapendekeza ipunguzwe kwa robo kwa vifunika masikio, kwa nusu kwa vizibo vya sponji, na kwa asilimia 70 kwa vizibo vya aina nyingine. Lakini kinachoua kinga kuliko vyote ni kuivua. Kinga yenye uwezo wa desibeli 30 ikivaliwa nusu tu ya muda wa kelele hubaki na thamani ya takriban desibeli 3.

Kizibo cha sponji kiviringwe kwa vidole safi hadi kiwe chembamba bila mikunjo, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono wa pili kupita juu ya kichwa, kizibo kisukumwe ndani na kushikiliwa kwa nusu dakika hadi kitanuke. Kikionekana chote kutoka mbele ya uso, hakijaingia. Kwa kuwa vidole vya mchimbaji huwa vyeusi kwa makaa dakika chache baada ya kushuka, vizibo vivaliwe kabla ya kufika sehemu ya kazi, na maji na sabuni viwepo kwenye sehemu ya kupumzikia. Vifunika masikio vikaguliwe vikiwa vimevaliwa pamoja na kofia ngumu na miwani, maana mkono wa miwani unaopita chini ya mto wa kifuniko hufungua mlango wa sauti. Kuvaa vyote viwili pamoja huongeza takriban desibeli 5 tu juu ya kile chenye uwezo mkubwa, lakini kanuni za Marekani hulazimisha hivyo wastani unapozidi 105.

Kinga kubwa mno ni kosa pia. Paa la mgodi huzungumza kabla ya kuanguka: hupasuka, hutiririsha changarawe, hulia kama mti unaopinda. Mchimbaji aliyezibwa masikio hadi asisikie mlio huo, wala honi ya gari linalorudi nyuma, wala sauti ya mwenzake, amehamishiwa kutoka hatari ya miaka 20 hadi hatari ya sekunde. Kinga ichaguliwe imfikishe kati ya desibeli 70 na 80 hivi ndani ya sikio, na iwe ya aina inayopunguza sauti za juu na za chini kwa usawa. Hilo huwezekana tu pale ambapo mashine tayari imeshapunguzwa kelele, na ndiyo sababu vizibo vikawekwa huku chini.

Kufuatilia masikio na mashine

Kila anayeanza kazi apimwe usikivu baada ya saa 14 za utulivu, kisha apimwe kila mwaka. Dalili ya mwanzo ya madhara ya kelele ni bonde kwenye mchoro wa usikivu, kati ya hezi 3,000 na 6,000, kwa kawaida karibu na 4,000, wakati mtu mwenyewe bado anaamini anasikia vizuri. Wastani ukishuka kwa desibeli 10 au zaidi kwenye hezi 2,000, 3,000 na 4,000, mtu huyo arudiwe kupimwa na kazi yake ichunguzwe upya. Majina ya kazi yapangwe pamoja na matokeo: ikiwa wafungaji boliti watatu wa sehemu moja wameshuka ndani ya mwaka mmoja, tatizo liko kwenye keekee yao. Ikumbukwe pia kwamba gesi ya kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi wa injini, pamoja na baadhi ya viyeyusho vya kusafishia mitambo, huongeza madhara ya kelele kwenye sikio.

Upande wa mashine, vipimo vilevile vya mwanzo virudiwe, mahali palepale na kwa hali ileile ya kazi, mara baada ya marekebisho, kisha kila baada ya ukarabati mkubwa. Kelele iliyopanda bila sababu inayoonekana mara nyingi ni taarifa ya beringi, gia au mnyororo unaoelekea kuvunjika, na fundi anayeifuatilia hupata faida ya pili ambayo mhasibu wa mgodi anaielewa bila kuelezwa.

Zabuni ya mashine mpya itaje kiwango cha juu cha kelele kinachokubalika kwenye nafasi ya mwendeshaji, hali ya mashine wakati wa kupimwa (konveya tupu na yenye makaa, feni ikiwaka), na nani atakayeipima siku ya makabidhiano. Vyuma vya kukokotea vyenye yurethani na viunganishi vya raba viombwe vikiwa vimeshafungwa kiwandani, pamoja na orodha ya vipuri vyake, na malipo ya mwisho yasitolewe hadi mita ya sauti isomwe pande zote mbili zikiwepo.